Kutoka Dawatini Hadi Kazini: Habari za Elimu ya Vijana Wenye Ulemavu Katika Kenya

Wanachama wamezoea kukuta katika kitabu hiki cha kila mwaka hesabu za fedha, taarifa ya kamati, na majina ya ndugu waliotutoka. Mwaka huu twaomba kurasa chache zaidi, ili tueleze habari za jambo litakaloletwa mbele ya mkutano mkuu, nalo ni msaada wa vijana wenye ulemavu wanapomaliza shule. Hatukupenda wanachama wapige kura juu ya jambo hili kwa huruma peke yake. Huruma ni njema, lakini huchoka upesi. Mtu aliyejua habari ya jambo tangu asili yake huamua kwa akili, na uamuzi wake hudumu.

Vyama kama hiki chetu vilizaliwa mijini kwa sababu ya shida zilizojulikana na kila mtu aliyetoka kwao kutafuta kazi: maiti isafirishwe hadi nyumbani, mgonjwa atazamwe, mtoto wa maskini alipiwe karo. Katika shida hizo, karo ndiyo iliyokua mwaka hata mwaka, kwa kuwa wazee wetu waliamini kwamba kijana akisha kusoma atajitegemea, naye atawasaidia wenzake. Imani hiyo imethibitika mara nyingi. Lakini kwa kijana asiyeona, au kiziwi, au asiyeweza kutembea, cheti cha shule hakikumfikisha mbali kama kilivyowafikisha wenzake. Kwa nini ikawa hivyo? Jibu limo katika historia.

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Maana yake ni kwamba mwenye viungo vyote leo asijivune, maadam hajui kesho ataamka na hali gani. Methali hiyo yaonyesha kwamba jambo la ulemavu lilitafakariwa zamani, kabla ya shule yo yote kujengwa. Hata hivyo, desturi za nyumbani hazikuwa za namna moja. Ziko nyumba zilizompa mtoto kazi aliyoiweza, kama kusuka, kupiga ngoma, au kuhifadhi habari za ukoo kichwani. Ziko na nyumba zilizomficha chumbani wageni walipofika, kana kwamba kuzaliwa kwake kulikuwa deni lisilotajwa. Desturi hizi mbili zingali hai, na kila msomaji azijua katika kijiji chake.

Hata maneno yenyewe yamebishaniwa. Kipofu, kiziwi na kiwete ni maneno yaanzayo kwa ki-, na wako wasemao kwamba lugha yetu imewaweka watu hawa pamoja na vitu. Lakini kijana na kiongozi nayo yaanza vivyo hivyo, wala hakuna kiongozi aliyelalamika. Ubaya umo zaidi katika sauti ya msemaji na nia yake. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kutajwa na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Sisi tumejitahidi kuandika kwa kufuata agizo hilo.

Sasa tuje kwenye shule. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha mwaka wa 1945, askari Waafrika walirudi makwao, na baadhi yao walikuwa wamepoteza macho vitani. Mwaka wa 1946 Jeshi la Wokovu lilianza kazi ya kuwahudumia wasioona huko Thika, na hapo ndipo palipoota shule ya kwanza ya wasioona katika nchi hii. Yafaa wanachama walikumbuke jambo moja katika mwanzo huo. Watu wazima waliorudi vitani hawakuwa na haja ya dawati. Walitaka kujua watakula nini, watafanya kazi gani kwa mikono yao, na watarudi vipi kuwa wenye nyumba mbele ya wake zao na watoto wao. Kwa hiyo swali la kazi lilikuwapo tangu siku za kwanza. Baadaye watoto waliongezeka, masomo ya darasani yakashika nafasi kubwa, na swali la kazi likasogezwa nyuma.

Masomo hayo yaliwezekana kwa sababu ya maandishi ya nukta yaliyobuniwa na Mfaransa Louis Braille, ambaye mwenyewe alipoteza macho akiwa mtoto mdogo, na akayatoa maandishi yake hadharani mwaka wa 1829. Kila herufi hufanywa kwa nukta zisizozidi sita, zilizoinuka juu ya karatasi, na msomaji huzipapasa kwa ncha za vidole. Njia hii ni rahisi kujifunza, lakini vitabu vyake ni vikubwa na ghali. Kitabu kimoja cha kawaida huweza kuwa majuzuu kadhaa mazito. Twalitaja hili ili wanachama wasishangae wanapoona kwamba gharama za mwanafunzi asiyeona si karo tu.

Baada ya Thika kazi ilienea. Mwaka wa 1956 kiliundwa kwa sheria chama cha kuwahudumia wasioona wa Kenya, na mwaka wa 1958 vikaanzishwa chama cha watoto viziwi na kile cha watu wenye ulemavu wa viungo. Mwaka wa 1961 zilifunguliwa shule za viziwi za Mumias na Nyang'oma. Mwaka wa 1962 Jeshi la Wokovu lilifungua Joytown, huko huko Thika, kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Wengi katika watoto wa namna hiyo siku zile walikuwa wamepatwa na ugonjwa wa polio, ambao uliwaacha na miguu isiyo na nguvu ingawa akili zao zilikuwa timamu kabisa. Mwaka wa 1967 wasioona wakapata shule ya upili huko Thika.

Shule hizi zilifanya kazi kubwa, na haifai kuzisema vibaya. Watoto waliodhaniwa kwamba hawafundishiki walisoma, wakaandika, na wakashinda mitihani ile ile iliyofanywa na wengine. Lakini zilikuwa chache na zilikuwa mbali. Mtoto alichukuliwa akiwa mdogo, akakaa bwenini miezi mingi ya mwaka, akarudi likizoni kama mgeni. Ndugu zake hawakujifunza nukta zake wala ishara zake. Alipomaliza masomo akiwa kijana wa makamo ya kuoa au kuolewa, alirudi katika kijiji ambacho hakikumzoea, na yeye hakukizoea. Kwa viziwi shida ilizidi, kwa sababu kwa muda mrefu walimu wengi walisisitiza kusema kwa sauti na kutazama midomo, na ishara za mikono zikadharauliwa, ijapokuwa ndizo zilizokuwa lugha ya watoto wenyewe walipokuwa pamoja. Hata ilipofika mwaka wa 2010 ndipo Katiba ilipoitaja Lugha ya Ishara ya Kenya, na ikaifanya mojawapo ya lugha za Bunge.

Uhuru ulipopatikana, Serikali mpya ilitazama mambo haya upesi. Katika mwaka mmoja, yaani 1964, zilitoka kazi mbili ambazo twaomba wazee wazilinganishe. Ya kwanza ni ya Tume ya Elimu iliyoongozwa na Profesa Ominde, iliyopendekeza pamoja na mengine kwamba watoto wenye ulemavu usio mkubwa wafundishwe katika shule za kawaida pamoja na wenzao. Ya pili ni ya kamati iliyoongozwa na Bwana Ngala Mwendwa, aliyekuwa Waziri wa Kazi, iliyochunguza matunzo ya watu wenye ulemavu na jinsi ya kuwarudisha katika kazi. Kutokana na kamati hii ya pili ulitolewa Waraka wa Bunge Nambari 5 wa mwaka wa 1968, na mwaka wa 1971 kikafunguliwa Nairobi kituo cha kuwafunza kazi za viwanda, kisha vituo vingine katika sehemu mbalimbali za nchi.

Mtu akisoma habari hizi mbili kwa pamoja ataona asili ya tatizo letu. Mambo ya dawati yaliwekwa chini ya wizara moja, na mambo ya kazi chini ya wizara nyingine. Kila moja ilikuwa na maofisa wake, fedha zake na daftari zake. Mwalimu alimfuata mtoto mpaka lango la shule, akamwaga kwa mkono. Ofisa wa kazi alimngoja katika kituo chake, ikiwa kijana alisikia habari za kituo na akapata nauli ya kufika huko. Katikati ya lango na kituo palikuwa na njia isiyo na mwenyewe. Huko ndiko vijana wengi walikopotea. Hakuna sheria iliyowatupa, lakini pia hapakuwa na mtu aliyeagizwa kuwavusha.

Upande wa dawati uliendelea kutengenezwa. Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilihimiza watoto watambuliwe mapema na waingizwe katika shule za kawaida. Mwaka wa 1984 zilianza huduma za kuwapima watoto na kuwashauri wazazi wilayani, kwa msaada wa Wadenmark, na mwaka wa 1986 kilianzishwa chuo cha Serikali cha kuwafunza walimu wa elimu maalum, ambacho kiko Kasarani, Nairobi. Mwaka wa 1994 wajumbe wa serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kwamba shule ya kawaida sharti iwapokee watoto wote, na kwamba shule ndiyo ijirekebishe kwa ajili ya mtoto. Mwaka wa 2003 elimu ya msingi ilifanywa ya bure, na mwaka huo huo ikatolewa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mwaka wa 2008 Kenya iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu hawa. Mtaala mpya ulioandaliwa mwaka wa 2017 uliwawekea njia yao wanafunzi wasioweza kufuata madarasa ya kawaida, njia ambayo huanza na masomo ya msingi na kuishia katika mafunzo ya kazi.

Kumwingiza mtoto katika shule ya kijiji chake ni jema kwa sababu moja iliyo kubwa kuliko zote. Watoto waliokaa dawati moja naye hukua wakijua kwamba asiyeona aweza kukokotoa hesabu, na kiziwi aweza kufanya mzaha. Mmoja wao atakuwa mwenye duka, mwingine karani, mwingine chifu, nao watakapotafuta mfanyakazi hawatashtuka kumwona mwenzao wa zamani mlangoni. Lakini dawati peke yake halitoshi. Mtoto kiziwi akiwekwa katika darasa ambalo hapana ajuaye ishara, yuko darasani kwa mwili tu. Kwa hiyo Katiba, katika kifungu kile kile cha 54, yataja elimu iliyounganishwa na jamii kwa kadiri inavyopatana na manufaa ya mtu mwenyewe. Mzazi na mwalimu wapaswa kumtazama mtoto huyu, na kuuliza shule ipi itamfaa.

Upande wa kazi nao una mifano, wala si midogo. Huko Mombasa, mwaka wa 1969, zilianzishwa karakana za Bombolulu, ambako watu wenye ulemavu wa viungo walitengeneza mapambo, nguo, vitu vya ngozi na viti vya magurudumu, wakapata mshahara wao. Viko vyuo vya ufundi vilivyojengwa kwa ajili yao, kama kile cha wasioona cha Machakos, cha viziwi cha Karen, cha viziwi cha Nyang'oma, na kile cha Sikri. Sheria ya mwaka wa 2003 iliweka shabaha ya kuwatengea asilimia 5 ya nafasi za kazi, Katiba ikaagiza kiwango hicho hicho kifikiwe polepole katika vyombo vya umma vya kuchaguliwa na kuteuliwa, na mwaka wa 2025 ikatungwa sheria mpya mahali pa ile ya 2003. Tangu 2013 pia asilimia 30 ya zabuni za Serikali zimetengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Milango hii ipo. Lakini mlango haumfai mtu asiyejua uliko.

Tutoe mfano wa mtu ajulikanaye na wote. Henry Wanyoike, mkimbiaji wa kutoka Kikuyu, alipoteza macho ghafula mwaka wa 1995 akiwa kijana. Hakuwa mwanafunzi wa shule ya wasioona. Alikuwa mtu aliyeanza maisha, na maisha yakasimama. Walikuwapo watu wa hospitali ya macho ya Kikuyu waliomshika mkono, na akaenda Machakos kujifunza ufumaji na njia za kuishi bila macho. Miaka mitano baadaye, huko Sydney, alishinda medali ya dhahabu katika mbio za mita 5,000. Katika mbio hizo mwenzake aliyemwongoza alikuwa mgonjwa, akachoka, na Wanyoike ndiye aliyemhimiza mpaka wakavuka mstari pamoja. Ulimwengu hukumbuka medali. Sisi twawaomba wanachama wakumbuke zaidi ile miaka mitano: alipata mtu wa kumshauri, alipata ufundi, na alipata mwenzi wa kwenda naye bega kwa bega. Si kila kijana atakimbia Sydney, lakini mambo hayo matatu kila kijana ayahitaji.

Tena kuna sehemu ya utu uzima ambayo haimo katika kazi, nayo imo mikononi mwa wazee kuliko mikononi mwa Serikali. Katika makabila yetu mengi kijana alihesabiwa mtu mzima pamoja na rika lake. Mwenye ulemavu mara nyingi aliachwa nyuma, akaitwa mtoto hata mvi zikamtoka. Mambo yake husemwa na nduguze, naye ameketi papo hapo akisikia. Hachukuliwi kwenda kuandikishiwa kitambulisho alipotimiza miaka 18, na bila kitambulisho hapigi kura, hafungui hesabu benki, wala haandikishwi kupata msaada wo wote. Akitaka kuoa, watu hucheka. Na shamba linapogawanywa, husikika neno lile la upole ambalo hakika ni la kumnyima: huyu atalishwa na nduguze. Ndugu hufa, wake zao hubadilika mioyo, na yule asiye na kipande cha ardhi hubaki akiomba katika boma la baba yake mwenyewe. Sheria ya Urithi, iliyotungwa mwaka wa 1972 na kuanza kutumika mwaka wa 1981, haimwondoi mtoto katika urithi kwa sababu ya ulemavu. Hili halihitaji fedha za Chama hata senti moja. Lahitaji wazee waliseme barazani.

Wako watakaouliza kama jambo hili lawahusu watu wengi. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba wenye ulemavu walikuwa asilimia 2.2 ya watu wote wa umri wa miaka 5 na zaidi, yaani zaidi ya watu laki tisa. Maana yake, katika kila watu mia moja, wawili na zaidi. Mwanachama na atazame jamaa zake wote, wa kwake na wa mkewe, kisha ajihesabie mwenyewe. Na ikumbukwe ya kuwa anayefichwa chumbani hahesabiwi kwa urahisi.

Kwa hiyo yataletwa mbele ya mkutano mkuu mapendekezo manne. La kwanza, msaada wa Chama kwa kijana mwenye ulemavu usikome siku apatapo cheti cha shule, bali uendelee mpaka amalize kujifunza kazi moja. La pili, Chama kiwe na akiba ndogo ya kukopesha vyombo vya kazi, kama cherehani, mashine ya kuandikia nukta, au zana za seremala, kwa kuwa fundi asiye na chombo hurudi kuwa mwombaji. La tatu, kila kijana apewe mwanachama mmoja wa kufuatana naye kwa miaka miwili: kumpeleka kuandikishwa, kumjulisha kwa waajiri, na kumweleza njia zilizotengwa na sheria. La nne, kamati itakayosimamia mambo haya iwe na wajumbe ambao wao wenyewe ni wenye ulemavu, maana alalaye kitandani ndiye awajuaye kunguni wake.

Katika mapendekezo haya, la tatu ndilo rahisi kwa fedha na gumu kwa moyo, kwa sababu kutoa shilingi ni jambo la mara moja, na kufuatana na mtu ni jambo la kila wiki. Lakini habari tulizozieleza zaonyesha wazi mahali palipopungua. Walimu walijenga shule, Serikali ikatunga sheria, na mafundi wakafungua karakana. Aliyekosekana ni mtu wa kumtoa kijana hapa na kumfikisha pale. Kazi hiyo yaweza kufanywa na watu wa kawaida wajuanao, na Chama ni mkutano wa watu wa namna hiyo.

Twawatakia wanachama wote mkutano mwema, na kila mmoja aje na neno lake.